Prosesa Iliyopakwa Mawese

Ninazo prosesa mbili za kompyuta ndani ya kikopo kitupu cha mafuta ya mtoto. Zote mbili zimekufa. Ya kwanza ukiinusa mpaka leo inanuka jikoni. Ya pili haina harufu yoyote, na ukiitazama kwa juu utasema ni nzima. Igeuze. Chini ina miguu ya rangi ya dhahabu, mamia ya miguu, kila mmoja mwembamba kama ncha ya sindano, na upande mmoja miguu hiyo imelala kama mpunga uliopitiwa na ng'ombe.

Zilikufa mikononi mwa watu wa nyumba moja, watu wanaonipenda, na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo natazama. Hilo ndilo linaloniuma. Ingekuwa wezi, ningepiga kelele.

Naandika haya kwa kalamu ya biki, kwenye daftari la mistari. Sina kitu kingine cha kuandikia.

Nilizaliwa kambini, Tanzania, nikaanza shule huko huko. Tulipowarudia Warundi wenzetu nikamalizia sekondari hapa Rumonge, nikaolewa na mtu wa Minago, nikazaa mtoto wa kike. Sasa ana miaka mitatu. Kutoka kambini nilirudi na vitu viwili: Kiswahili ambacho ukoo wa mume wangu wanakicheka ("Mutanzania wetu ameanza kusoma habari!"), na vidole vinavyojua kupiga taipu bila macho kutazama. Hivyo vidole ndivyo vilivyotufanya tununue kompyuta. Mume wangu aliipata Bujumbura, kwenye ofisi iliyokuwa inauza mashine zake za zamani, akaileta juu ya lori la samaki, imefungwa kwenye godoro la mtoto. Kasha lake refu, jeusi, zito. Nikapanga chumba kimoja karibu na soko, mlango unatazama barabara, nikaandika kwa rangi ubaoni kwamba hapa tunachapa barua. Nilichapa maombi ya kazi, mitihani ya walimu, mikataba ya mashamba, tangazo la misa ya mtu aliyefiwa. Pazia katikati, nyuma ya pazia kitanda chetu mimi na mtoto.

Sikukaa mjini kwa kupenda mji. Nilikaa kwa sababu ya kifua cha mtoto.

Mama mkwe wangu anakamua mawese. Nyuma ya nyumba yake Minago kuna mapipa mawili ya chuma, anachemshia humo ngazi, yale matunda ya michikichi, baada ya kuziponda, na kuni zenyewe ni makapi ya ngazi hizo hizo, yenye mafuta. Moshi wake mweusi, mzito, unakwama kooni. Watoto wengine wanakua ndani ya moshi huo, wanakimbia, wanacheza mpira. Wangu hapana. Wangu alianza kupiga filimbi kifuani kabla hajajua kutembea. Akivuta hewa, mbavu zinaingia ndani, unaziona moja moja. Muuguzi wa kituo cha afya alimsikiliza mgongo, akanitazama mimi, akasema maneno machache tu: "Huyu mutoto, mama, moshi hapana. Umutoe kule."

Wakati ule mume wangu alikuwa amekwisha kwenda Kigoma kwenye ujenzi. Akasema kwa simu: "Sawa, mukae mujini. Mashine ikitembea, mutabaki. Siku haitembei, mutarudi kwa mama, mimi sina namna ingine."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mashine ikizunguka, mtoto anapumua. Mimi sikuhitaji mtu anieleze zaidi. Katika miezi yetu ya kwanza pale sokoni ile filimbi ikanyamaza kabisa, mpaka nikawa naweka sikio mgongoni pake kwa kutoamini.

Sasa nije kwenye kitambaa.

Mama mkwe alikuwa akija siku za soko, bidoni ya mawese imefungwa nyuma ya baiskeli ya kukodi. Anapitia kwangu kunywa maji na kumwona mjukuu. Mara ya kwanza alisimama mlangoni, akaitazama kompyuta, akashika kiuno.

"Mana yanje, Mungu wangu! Mashine ya mwanangu inakaa uchi?"

Ukitaka kumwelewa lazima uijue nyumba yake. Kwake kitu cha thamani hakikai wazi. Redio ina kitambaa. Chupa ya chai ina kitambaa. Migongo ya viti ina vitambaa, vyeupe, vimefumwa kwa mkono, na siku ya ugeni vinafuliwa vyote na kuanikwa mstari mmoja uani ili barabara nzima ione kwamba nyumba hii ina mwanamke. Mtu akiacha redio bila kitambaa, mama mkwe hajali hata redio yenyewe, anasema huyo hakufundishwa na mama yake. Na mimi mama yangu alinizalia kambini, chini ya turubai, kwa hiyo kila mtu alikuwa anasubiri kuona nilichofundishwa.

Siku ya soko iliyofuata alikuja nacho. Cheupe, maua mekundu pembeni, kazi ya wiki nzima ya macho na vidole. Akakilaza juu ya kasha la kompyuta, akakivuta pande zote mpaka chini, matundu yote ya kupitisha hewa yakafunikwa, mbele na nyuma.

Nikasema, "Mama, asante sana, ni kizuri. Lakini hii inahitaji kupumua."

"Inapumua na nini? Iko na pua?"

Wanawake waliokuja naye walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Na mimi nikacheka. Ningefanya nini?

Alipoondoka nikakitoa. Siku ya soko nikakirudisha. Hivyo ndivyo tulivyoishi, kama wawili wanaofichana. Mpaka siku alipokuja bila kutegemewa, akakikuta kimekunjwa kwenye kiti, mtoto amekikalia. Alikichukua, akaondoka nacho, na wiki iliyofuata akakirudisha kimeshonwa upya, kina vifungo sita upande wa nyuma, kinavaa kasha zima kama sweta. Akavifunga yeye mwenyewe, kimoja kimoja, mgongo umenigeukia.

"Sasa hakitaanguka," akasema.

Ungekuwa wewe ungevifungua? Labda. Mimi sikuvifungua. Wateja walikuwa wanakisifu, na moyoni nikasema, wacha, tumeishi nacho nusu wiki hakijaua mtu. Hilo ni kosa langu na nalibeba. Nilikuwa nimesoma kwenye simu, nilijua kabisa: prosesa ndiyo inayofanya mahesabu yote ya kompyuta, ikifanya kazi inawaka moto, juu yake kuna bati nene lenye mapezi na feni ya kulipuliza, na hewa ile ya moto lazima itoke nje. Nilijua. Chumba chenyewe kilikuwa na paa la mabati. Saa saba mchana, Rumonge, hata ziwa lenyewe linatoa jasho.

Feni ikaanza kupiga kelele. Kwanza kama nyuki, baadaye kama baiskeli yenye mnyororo mkavu. Halafu mashine ikaanza kujizima. Unachapa, unachapa, skrini nyeusi. Nilipoteza mtihani wa hesabu wa darasa zima wakati mwalimu ameketi pembeni yangu anakunywa chai.

"Dada, imelala?"

"Inapumzika, mwalimu."

Siku hiyo nikavifungua vile vifungo sita. Nikakuta vumbi la soko limeshonana na nyuzi nyeupe za kitambaa, limejaa kwenye feni kama pamba kwenye mto. Nililitoa kwa mswaki. Mashine ikaendelea kujizima hata hivyo. Nikamwambia mume wangu kwa simu kwamba barabara ya bandarini kuna mzee, fundi wa redio tangu zamani, siku hizi anatengeneza kompyuta, nimpelekee. Akajibu, "Fundi wa nini, na mudogo wangu yuko?"

Shemeji yangu ni fundi wa vinu vya mawese. Kutoka Minago mpaka Magara, kinu kikikwama wanamwita yeye, na hakuna kinu kilichomshinda. Simchukii, niseme wazi. Ndiye aliyenibeba kwa baiskeli siku uchungu wa mtoto uliponishika. Alikuja Jumamosi asubuhi na mfuko wake wa spana, mama mkwe nyuma yake na bidoni.

"Amahoro, shemeji! Mugonjwa yuko wapi?"

Nikamwambia, "Shemeji, hii si kinu. Tungoje yule mzee."

"Shemeji, injini ni injini. Kila kitu kinachozunguka kinataka vitu viwili: kufungwa vizuri na mafuta."

Akafungua kasha. Mikono yake mizuri kwa chuma, hiyo siwezi kuikana. Alipofika kwenye lile bati la mapezi akalegeza vibano, akavuta, likagoma. Limeshika. Ile dawa ya kijivu inayowekwa kati ya prosesa na bati ilikuwa imekauka kwa miaka na kwa joto, ikawa saruji. Ningejua wakati ule, ningemwambia awashe mashine kwanza ipate moto, halafu azungushe taratibu. Akavuta kama mtu anayeng'oa muhogo. Likatoka kwa kishindo, na prosesa imening'inia chini yake, imeng'olewa kwenye kiti chake ikiwa bado imefungwa.

"Ona!" akasema kwa furaha. "Ona uchafu! Ndiyo maana haitembei."

Akaikwangua ile dawa ya kijivu kwa kisu mpaka chuma kikang'aa. Nilisema, "Shemeji, nadhani hiyo iko kwa kazi yake." Nakumbuka nilisema hivyo, "nadhani." Nilikuwa najua, nikasema nadhani, kwa sababu mama yake alikuwa ameketi kitandani kwangu.

Halafu akanyoosha mkono bila kugeuka, na mama mkwe akamfungulia bidoni.

Nilipomwona anachovya kidole nikafikiri anatania. Kwenye vinu, chuma kinaposugua chuma kingine wanapaka mawese. Girisi ni ya kununua, mawese yako hapo hapo, yanatiririka. Shafti zote za Minago zinazunguka kwa mawese. Kwake ilikuwa kitu cha wazi kama kumpa ng'ombe majani.

"Shemeji, ngoja. Hiyo si..."

"Wacha mwanaume afanye kazi," mama mkwe akasema, si kwa ukali. "Na haya ni ya kwanza, safi, sikutia hata maji."

Mtoto alikuwa mgongoni kwangu, amelala, naisikia pumzi yake safi kupitia kitenge. Nikarudi nyuma hatua moja. Akaipaka prosesa mawese, mekundu, kama mtu anayepaka mkate. Mguu mmoja au miwili iliyokuwa imepinda akainyoosha kwa ncha ya kisu, akairudisha kitini, bati juu, vibano, akafunga. Akabonyeza kitufe.

Ikawaka.

Ikawaka na feni ikawa kimya! Mama mkwe akapiga vigelegele, watu wa sokoni wakachungulia. Shemeji akanitazama, akapangusa tu vidole kwenye suruali. Na mimi, jamani, na mimi nikapiga makofi. Nikampikia samaki aina ya mukeke, mkubwa kuliko wote waliokuwa sokoni siku ile, nikamwambia mbele ya mama yake, "Unisamehe, shemeji. Nilibisha bure." Mama mkwe akavifunga vile vifungo sita.

Nikiwaza maneno hayo ya msamaha nataka kujipiga.

Ilifanya kazi siku tisa. Siku ya tatu mteja alinusa hewa, akauliza, "Mama, unakaanga nini huko nyuma?" Siku ya tano nikaona sisimizi, mstari mmoja mzuri, wanapanda mguu wa meza, wanaingia chini ya kitambaa. Siku ya saba feni ikaanza tena kulia. Siku ya tisa, saa sita na nusu, nikiwa nachapa barua ya mwanamke aliyekuwa anadai shamba la baba yake, alikuwa ananisomea kwa sauti ya chini na mimi nafuata, skrini ikazimika katikati ya jina la baba yake. Nikangoja. Nikabonyeza. Nikafungua kitambaa, nikapepea kwa daftari. Harufu ilikuwa ya sufuria iliyosahaulika motoni.

Yule mwanamke akasema, "Haina shida, mama, nitarudi kesho." Alirudi kesho. Alirudi na kesho kutwa.

Safari hii sikumpigia mtu simu. Nikaifunga mashine kwenye baiskeli ya kukodi, mtoto mgongoni, nikaenda barabara ya bandarini. Yule mzee fundi alifungua kasha, akainama, akanusa. Akainua uso polepole, akamwita mkewe aliyekuwa anapepeta mchele uani.

"Bibi! Njoo unuse ordinateri!"

Walinusa wote wawili. Mzee akacheka mpaka akavua miwani kujifuta machozi. "Mama, umenunua ndagala? Tuongeze chumvi?" Halafu akaniona usoni, akaacha. Akamtuma mkewe aniletee kiti.

Alinieleza bila haraka, na ndipo nilipoelewa yote. Prosesa na bati, ukivitazama unaona vimegusana, lakini kati yake kuna mianya midogo isiyoonekana, na mianya hiyo imejaa hewa, na hewa haipitishi joto. Dawa ile ya kijivu inaziba mianya. Mawese yaliziba pia, siku za kwanza. Ndiyo maana ilitudanganya. Halafu yakapata moto, yakawa maji, yakateremka, yakaingia kwenye kiti cha prosesa, yakaita vumbi na sisimizi. Kati ya bati na prosesa hapakubaki kitu. "Ikakaangwa," akasema. "Na hili sweta ni la nini?"

"Ni la mama mkwe."

"Aa," akasema, akalikunja taratibu.

Alisafisha kiti kwa pombe kali na mswaki, akasema kiti ni kizima, bahati. Akasema nimwachie mashine, atatafuta prosesa ya namna hiyo kwenye maiti za mashine zake. Nilipofika siku ya pili alikuwa ameipata. Akanionyesha kwa kiganja. "Unaona alama hii kwenye kona? Pembetatu ndogo. Na kwenye kiti iko nyingine. Kona hii ikutane na kona ile. Ukiiweka sawa, inaingia yenyewe, kwa uzito wake. Ukisikia unasukuma, mama, umekwisha kosea." Umeme haukuwepo siku hiyo, hakutaka kuifunga bila kuijaribu. "Njoo kesho jioni. Nitaweka kwa mikono yangu."

Nikatembea kurudi nyumbani nikijiambia, kona kwa kona, kwa uzito wake. Mtoto akawa ananiuliza, "Mama unaimba?"

Kesho yake mchana nilikuwa naanika nguo, nikasikia mlango. Shemeji, kasha la kompyuta begani. Mama mkwe nyuma yake.

Mume wangu ndiye aliyewaambia. Nilikuwa nimemweleza kwa simu, yote, na mawese, na mzee alivyocheka, na nadhani nilieleza kwa ukali. Naye akampigia mdogo wake. Sijui alimwambia nini. Shemeji akaenda bandarini. Mzee alikuwa amekwenda msibani Kabonga, mkewe akamkuta mtu wa ukoo amesimama kwa heshima, anaomba mashine ya shemeji yake, akampa yote: kasha, prosesa imefungwa kwenye karatasi, na dawa ya kijivu kidogo ndani ya bomba la sindano.

"Shemeji," akasema. Hakuwa anacheka kama Jumamosi ile. Macho yake yalikuwa mekundu. "Niliharibu mimi. Nitengeneze mimi."

Nikasema, "Mzee anarudi jioni."

"Muji muzima unasema nimekaanga ordinateri. Bandarini wananiita mupishi." Akaweka kasha mezani. "Niache niweke, shemeji. Nakuomba."

Mama mkwe alikuwa anatazama sakafu. Huyo mwanamke hatazami sakafu. Nikaelewa kwamba nikisema hapana sasa, mbele yake, nitakuwa nimemvua mwanaye nguo. Na nikaelewa pia kwamba nikisema ndiyo, basi, prosesa imekwisha. Vyote viwili nilivielewa kwa wakati mmoja, vizuri kabisa, na havikunisaidia kitu.

"Kuna pembetatu kwenye kona," nikasema. "Lazima zikutane."

"Nimeiona."

Hakuwa ameiona. Alikuwa ameishika prosesa vizuri, pembeni, kwa vidole viwili, kama yai. Akaiweka kitini. Ikakaa upande. Nikaona kwa macho yangu imekaa upande, kona moja juu kidogo ya nyingine, nikanyoosha mkono, na wakati huo huo mtoto akaanza kulia mlangoni, amejikwaa, mama mkwe akamwokota haraka akamtia mikononi mwangu. Nikawa nimemshika mtoto.

"Shemeji, usisukume."

Akaweka kidole gumba katikati, akakaza, kama anavyokaza kifuniko cha kinu.

Sauti yake ni ndogo sana. Ni ile ya kutafuna ndagala, dagaa mkavu.

Aliisikia yeye pia. Alitoa kidole. Akaiinua, akaigeuza, akaiona ile miguu. Nilikuwa na maneno mdomoni, nilikuwa nayo mengi, ya Kirundi na ya Kiswahili na machache ya Kifaransa niliyojifunza shule. Nikamtazama shemeji mwenye spana zake, mtu mzima mwenye watoto wanne, ameishika prosesa ile kwa mikono miwili. Na nilichosema ni hiki:

"Ntakibazo, shemeji." Haina shida.

Haina shida! Neno hilo ndilo ninaloliona aibu kuliko yote niliyowahi kusema katika maisha yangu.

Yeye akatoka nje, akakaa kizingitini, mgongo kwetu. Mama mkwe akaichukua prosesa, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akatoa sindano yake ya kufumia kwenye pindo la kitenge. Ile ile iliyofuma kile kitambaa. Akaanza kuinyanyua miguu, mmoja mmoja, anashika pumzi. Sikuwahi kuona mikono ikifanya kazi vile. Alisimamisha mstari wa kwanza wote. Alisimamisha nusu ya wa pili. Nikaanza kuamini, nikaanza hata kuhesabu. Halafu mguu mmoja ukabaki kwenye sindano, umekatika. Na wa pili. Akaweka sindano chini polepole.

"Macho yangu yamezeeka, mama mutoto," akasema.

Hakuwa amezeeka macho. Miguu ile ukishaikunja mpaka chini haikubali kurudi. Mzee alivyorudi kutoka msibani aliitazama kwa lensi, akatikisa kichwa, akasema nyingine ya namna hiyo hana, labda itapatikana, labda si mwaka huu. Hakucheka hata kidogo. Afadhali angecheka.

Mume wangu aliniambia yale niliyoyajua. "Basi murudi kwa mama."

Tuko Minago sasa. Mama mkwe alihamisha mapipa, hilo niliseme, aliwaita wanaume wakayasogeza mpaka mwisho wa michikichi, mbali na mlango, ingawa sasa anabeba maji umbali mara mbili ya ule wa zamani. Asubuhi ni nzuri. Mchana upepo unageuka, unatoka ziwani, unauchukua ule moshi na kuuleta ndani kana kwamba umeagizwa. Shemeji anapita kila siku, analeta kitu, ndizi, mkate, haingii. Kompyuta iko sebuleni, kati ya redio na chupa ya chai, imevaa sweta lake lenye vifungo. Wageni wakiuliza, mama mkwe anajibu, "Ordinateri ya mukazana wangu," na kwa sauti hiyo ungedhani inafanya kazi.

Ile filimbi imerudi. Ilirudi wiki ya pili.

Jana mchana mtoto alikuwa amelala mkekani, anavuta hewa kwa kazi, mbavu zinaingia. Mapipa yalikuwa yanachemka, upepo umekwisha geuka. Nilikuwa nachambua maharage. Mama mkwe akaingia kutoka uani, uso una masizi, akamtazama mjukuu. Akavua kitenge chake cha juu, akakikunjua, akamfunika kwa upole wote, miguu, kifua, halafu akakivuta mpaka juu ya uso ili moshi usimwingie.

Nikainuka. Nikakitoa usoni kwa mtoto.

"Mama," nikasema, "anahitaji kupumua."

Alifungua mdomo. Nikangoja anijibu. Alikaa chini pembeni yangu, akashika ncha ya kile kitenge, akaanza kupepea, na mimi nikashika ncha nyingine. Tukapepea moshi wa mapipa yake kutoka mlango mmoja, nao ukaingia kwa dirisha.